Nilimpiga Shemeji Aliyesimama Mlangoni mwa Gari

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, baba wa watoto wawili, na kwa miaka saba nilibeba abiria kwa pikipiki hapa Rhonda, Nakuru. Msinihurumie, wasomaji wenzangu. Mkinichukia baada ya kusoma haya, nitawaelewa.

Stejini kwetu, pale tulipongojea abiria, kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote. Mmoja wetu akigongwa na gari, honi zinalia na kila mtu anakimbia huko. Usipofika, kesho yake hakuna anayekusalimia. Nilikuwa nimefika mara tatu hivi, na mara zote nilipiga kelele tu nikiwa nyuma ya watu. Mimi ni mtu ambaye kuku akichinjwa hutazama kando!

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni shemeji yangu Kizito, mume wa dada yangu Nafula. Mpole, mchache wa maneno. Tulimtania kwamba anaendesha kana kwamba amebeba trei ya mayai, naye alicheka tu.

Asubuhi hiyo, mwendo wa saa nne, honi zililia. Mwenzetu Davi alikuwa ametoka kwenye kituo cha mafuta bila kutazama barabara, akagongwa na gari dogo. Dereva alikuwa mama mmoja, mwalimu aliyetoka Gilgil. Wengi wakimgonga mmoja wetu hukanyaga mafuta hadi kituo cha polisi. Yeye alisimama... Tulimkuta amepiga magoti, anamfunga Davi paja kwa leso yake, damu imemjaa mikononi.

Na kwa kusimama huko, tulimvamia!

Alivutwa nywele, akapigwa mateke, akaburutwa kwenye lami akilia kwamba ana watoto. Mtu akaleta petroli kwenye chupa ya maji. Kizito ndiye aliyempokonya mama yule mikononi mwa watu na kumsukuma ndani ya duka la simu, mwenye duka akafunga mlango. Umati ulipogeukia gari, akarudi, akasimama mbele ya mlango wake.

"Davi ako hai!" alipaza sauti. "Mwekeni kwa hii gari tumpeleke hosi! Mkiichoma, mtambeba na nini?"

Alisema kweli. Magari mengine yote yalikuwa yamegeuza yalipoona umati. Funguo zilikuwa bado zinaning'inia ndani ya gari!

Mwenyekiti wetu wa steji akanigeukia. "Wekesa, huyu si ni shem wako? Mtoe hapo, ama tujue nyinyi wawili mko upande ya nani."

Wote wakanitazama. Wale niliokula nao, niliocheka nao... Niliogopa. Nikavua helmeti, nikamkaribia Kizito, nikampiga nayo usoni.

Aliita jina langu. Nikampiga tena. Nikampiga hadi akaanguka, na alipoanguka wengine wakamkanyaga. Watu walinishangilia, na Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri! Gari likawaka.

Na Davi je? Tulimsahau. Tulikuwa tunalipiza kisasi chake, naye alikuwa amelala hatua kumi kutoka pale, anavuja damu. Tulipomkumbuka alikuwa ameshakata roho. Hospitalini walituambia kwamba angefikishwa mapema angepona.

Kizito alipoteza jicho la kushoto. Mama yetu, mimi na Nafula, alipiga magoti kando ya kitanda chake, akamsihi awaambie polisi kwamba hakuona aliyempiga, ili tusiaibike kanisani.

"Mama, nilimwona," akajibu. Akanitaja.

Nilikaa gerezani miezi kumi na minane, na karibu yote nilimlaani. Kwani yeye ni nani asifanye kama watu wengine? Steji ilimkataza, akakataa. Familia ikamwomba, akakataa. Niliona ni kiburi tu.

Nilipotoka nilimwendea. Haendeshi tena, siku hizi anaziba pancha. Nafula aliponiona aliingia ndani bila kunijibu salamu, na mpaka leo hajanisemesha. Nilimwomba Kizito msamaha nikilia, kisha nikamuuliza kilichonisumbua usiku na mchana: hakuogopa?

"Niliogopa sana, shem. Lakini Davi alikuwa ananiangalia, anataka kwenda hosi. Nyinyi mlikuwa mnaangaliana tu."

Niliinama pale kwenye vumbi, nikashindwa kuinuka. Miezi yote hiyo nilidhani ana ujasiri ambao mimi sikuzaliwa nao. Kumbe aliogopa kama mimi!

Ndugu zangu, nawasihi. Siku umati utakapokutazama ukingoja kuona utafanya nini, usiwatazame wao. Mtafute aliyelala chini, mwulize anataka nini. Watakutenga, watakupiga pengine. Lakini usiseme kamwe kwamba ulilazimishwa. Mimi hakuna aliyenishika mkono siku ile... nilimpiga mwenyewe.