Maneno ya Chini ya Risiti

Yapo mambo ambayo mashahidi wote wanayakubali. Mashine ya Athanasie ilikuwa mpya. Ilitoka Goma ndani ya katoni yake na haikuwahi kuwa mali ya mtu mwingine. Ilikuwa mashine ndogo ya kutolea risiti, ya zile zisizotumia wino, ambazo hupashwa moto ndani na kuchora herufi kwenye karatasi maalumu. Siku ya mwisho, karatasi hiyo ilikuwa imewekwa kinyume, kwa makusudi, ili isiandikike. Na asubuhi iliyofuata mlango ulikutwa wazi, jibini zikiwa juu ya mbao zake, hakuna hata moja iliyoguswa. Baada ya hapo mashahidi wanaachana njia, na msikilizaji hana budi kuwa mwangalifu, kwa kuwa hofu ni shahidi asiyekula kiapo.

Athanasie alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kugandisha maziwa na kutengeneza jibini kando ya barabara ya Kirolirwe. Chumba cha mbele kilikuwa depo ya jibini, cha nyuma malazi. Wachungaji walileta maziwa asubuhi, wachuuzi walichukua jibini mchana. Kati ya kuletwa na kuchukuliwa, alikuwa peke yake. Alikuwa na meza moja na viti viwili. Kiti cha pili, kilichokuwa upande wa wateja, hakuna aliyekikalia. Wateja huwa na haraka.

Mashine aliinunua kwa sababu ya Sebarenzi, mchuuzi aliyepeleka jibini mahotelini Goma, ambako hawakupokea mzigo usio na risiti. Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa kijana kutoka kijiji cha Shasha, jina lake Élysée, mtengenezaji wa simu. Aliiunganisha na betri ya sola, akaishikanisha na simu ya Athanasie, kisha akabonyeza kitufe kwa muda huku akiiwasha. Mashine ikakereza, ikatoa karatasi ya majaribio.

"Mama, hii haiko na encre," alisema. "Iko inatumika na moto tu. Angalia." Akapitisha ukucha juu ya karatasi, mstari wa kijivu ukatokea. Akaigeuza, akapitisha tena, hakukutokea kitu. "Kule njo uso, huku ni mugongo. Ukiweka mugongo, itatoka nyeupe kama fromage yako. Batu banapiga simu, banalia: machine imekufa! Kumbe ni bo beko bameigeuza."

"Na mukono yangu? Nikishika karatasi sana, haitakuwa nyeusi?"

Élysée akacheka. "Apana, Mama. Moto ya mwili wa muntu haitoshi. Labda muntu mwenye homa ya jehanamu."

Akauliza ni maneno gani yawekwe chini ya kila risiti. Watu wa Goma, alisema, huandika Merci.

"Merci haifike mbali," Athanasie akajibu. "Andika: Urudi salama."

"Hiyo ni tamu! Hata mie nitarudi."

Hakumuuliza maneno hayo ameyatoa wapi.

Inafaa kusema yalikotoka. Athanasie aliolewa kijiji cha Kibua, upande wa Walikale, na mume wake Damien alikuwa mpasuaji mbao. Asubuhi moja Damien aliondoka kwenda msituni, na mkewe akamwambia mlangoni, kama alivyomwambia kila asubuhi, urudi salama. Gogo lilimwangukia kabla jua halijapanda. Wakaleta maiti, wakachonga jeneza, wakawasha moto wa kilio uani. Vipande vilivyosalia vya mbao mbichi za jeneza vikatiwa motoni, kama ilivyo ada yao.

Na ada hiyo ina masharti. Maadamu moto wa kilio unawaka, hakuna anayeaga. Mtu huinuka na kuondoka kimya, wala hamwambii mwenzake arudi, ili marehemu asije akadhani ni yeye anayeitwa. Siku ya kumaliza kilio, mjane humwagia moto maji kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia mumewe aende. Asipofanya hivyo, marehemu huhesabiwa kuwa mtu aliye njiani bado. Desturi si ushahidi, na hapa haiwekwi mezani kama ushahidi. Inatajwa kwa sababu kabla ya siku ya kumaliza, risasi zilishuka kutoka mlimani, na kijiji kizima kikakimbia. Moto wa Damien uliachwa ukiwaka.

Constance, jirani ya Athanasie, alikimbia naye siku hiyo hadi Kirolirwe. Ndiye aliyeeleza yaliyofuata, na mengi aliyasikia kinywani mwa Athanasie mwenyewe.

Mashine ilifanya kazi vizuri. Sebarenzi alitania kwamba sasa jibini ya Kirolirwe inasafiri na hati kama mtu wa uwanja wa ndege. Lakini Sebarenzi aliondoka, kama wote, na ukungu ukashuka kwenye malisho, na nyumba ikanyamaza. Katika saa hizo Athanasie aligundua kwamba simu ilikuwa na sehemu ya kurudia risiti ya mwisho. Akaigusa. Mashine ikatoa sauti yake, na karatasi ikatoka ikiwa na uvuguvugu, akaiweka shavuni. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu chochote katika nyumba ile kilichomfikia kikiwa na joto.

Alirudia kesho yake. Akarudia tena. Karatasi zile hakuzitupa. Aliziweka juu ya kiti cha pili, moja juu ya nyingine. Kila moja ilikiambia kiti: Urudi salama.

Constance alizikuta alipokuja kuchukua maji ya maziwa ya kunywesha nguruwe wake. Alizisoma amesimama. Kisha akanong'ona.

"Athanasie. Hii maneno unaambia nani?"

"Baclients."

"Baclients beko Goma. Hizi ziko kwa kiti." Akaweka ndoo chini. "Moto ya Damien, nani alizima?"

Constance hakuwa na haja ya jibu. Alikuwapo. Alipoangalia tena kile kiti, aliona karatasi ya juu kabisa imeanza kuwa nyeusi katikati, taratibu, kama mkate unaopashwa juu ya makaa.

Élysée alipoitwa alitoa maelezo ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeyatoa. Karatasi hiyo huchukia joto, na ndani ya chumba kulikuwa na jiko la kuchemshia maziwa. Jiko likahamishiwa uani. Karatasi za kitini zikaendelea kuwa nyeusi. Hata hivyo, risiti zilizokuwa zimetundikwa msumarini, pale pale jiko lilipokuwa siku zote, zilibaki nyeupe, na hilo Élysée alilikiri bila kushurutishwa. Alikiri pia kwamba zile nyeusi zilinuka moshi. Si moshi wa makaa, alisema. Moshi wa mbao mbichi.

Constance akamwomba afute yale maneno. Élysée aliyafuta kwenye simu mbele ya Sebarenzi, na wote wawili wanathibitisha kwamba sehemu ile ya chini ilibaki tupu. Kisha, kwa usalama zaidi, akafungua mashine na kuigeuza karatasi.

"Nimeweka mugongo. Sasa hata shetani hataandika kitu," alisema, akacheka.

Alicheka peke yake.

Athanasie alikuwa ameketi akitazama kila alichofanya. Alipoondoka fundi, alimuuliza Constance jambo moja tu: kama mashine sasa itaendelea kutoa sauti. Constance akasema itatoa sauti, ila haitasema kitu. Athanasie akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake bado anapumua.

Alasiri ile ile mvua ya mawe iliipiga Kirolirwe. Sebarenzi alikuwa amesimama barazani akingojea ipungue. Constance na Athanasie walikuwa ndani. Mashine ikakereza.

Hapa mashahidi wanatofautiana. Sebarenzi anaamini kwamba Athanasie aligusa simu. Constance anaapa kwamba simu ilikuwa msumarini, ikichajiwa. Élysée, aliyeulizwa baadaye, anasema mashine za namna hiyo huweza kushikilia kazi ya zamani na kuitoa ghafla. Maelezo hayo yanakubalika. Yanatosha kueleza sauti.

Karatasi ilipanda. Kwa upande wao wanawake ilikuwa nyeupe. Uso wake, ule unaoweza kuwa mweusi, sasa ulielekea kitini.

Constance akazunguka meza kuutazama. Ulikuwa mweupe pia. Akashusha pumzi.

Kisha ukaanza. Pembezoni. Doa moja kushoto. Doa jingine kulia. Pale pembeni kabisa, mahali ambapo kichwa cha mashine, kile kinachochoma herufi, hakifiki. Madoa yakakua, yakapata umbo. Yalikuwa na mistari midogo, kama ya ngozi.

Vidole gumba viwili. Karatasi ilikuwa imeshikwa kwa mikono miwili.

Constance akamwita Sebarenzi, naye akaingia, akaona, akatoka akiwa amesahau kofia yake. Hakuulizia jibini siku hiyo. Athanasie alikuja upande ule taratibu, akatazama kwa muda mrefu.

"Damien alikuwa anapokea na mikono mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Hata kikombe ya maji. Nilikuwa namucheka: mie si mufalme, pokea tu."

"Kesho," Constance akanong'ona. "Kesho nakuja na kuni. Tunawasha moto hapa inje, unaumwagia maji na mukono yako, unamwambia aende. Bakimbizi bengine bamefanya vile. Mungu anajua njia ya Kibua imefungwa."

"Na wachuuzi?"

"Batarudi, mama. Ukizima, batarudi. Usipozima, Sebarenzi amekwisha kuwa mu njia anatangaza. Kesho kutwa batasema weye ni mulozi, muchawi. Batakufukuza hapa."

Athanasie akaigusa karatasi ile, juu ya alama, kidole chake chenye kovu la kisu juu ya kidole.

"Akienda," akauliza, "mie nabaki na nani?"

Constance anasema angeweza kujibu mengi. Angeweza kusema: na mimi. Lakini alikuwa na watoto, na nguruwe, na jiko lisilowashwa, na mvua ilikuwa imepungua. Akamwambia afunge mlango vizuri. Akainuka na kuondoka. Wala hakumuaga, maana alikuwa ameshakumbuka ada.

Asubuhi alifika na mzigo wa kuni kichwani. Mlango ulikuwa wazi. Alimwita Athanasie mara moja, akamwita tena, akapita hadi chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa juu ya msumari. Uani, tope halikuwa na unyayo wa mtu anayetoka.

Simu ilikuwa mezani. Constance aliiwasha kama alivyomwona Élysée akifanya. Chini ya risiti, mahali palipofutwa, palikuwa na maneno tena: Urudi salama.

Sasa tupime. Nyayo si hoja nzito, kwa kuwa ilinyesha tena alfajiri, na mvua hufuta. Viatu si hoja nzito, kwa kuwa mwanamke wa milimani hutembea pekupeku akiwa na haraka au huzuni. Maneno ya kwenye simu yangeweza kurudishwa na Athanasie mwenyewe. Alikuwa amemtazama fundi, na hakuwa mjinga. Inawezekana kabisa alikimbia maneno ya watu kabla hayajamfikia. Wapo waliotafuta kwenye njia ya Walikale, na wapo waliouliza hadi Sake. Hakuna aliyemwona, lakini kutoonekana si kifo, na sheria haimtangazi mtu kuwa amekufa kwa sababu tu kiti chake ki tupu.

Kinachobaki ni kielelezo kimoja. Karatasi iliyokutwa juu ya kiti cha pili, imekatwa vizuri, uso juu. Iko kwa Élysée, ndani ya katoni ya simu. Aliwahi kuitoa ampe Constance kama ukumbusho. Aliinyoosha kwa mikono miwili, na Constance akarudi nyuma hadi akagonga ukuta.

Élysée aliifanyia majaribio, kwa sifa yake lazima isemwe. Dawa ya kusafishia mikono huitia weusi karatasi ya namna ile, ila weusi huo husambaa na hauna mistari. Kijiko cha moto huacha alama, ila kijiko hakina ngozi. Mkono wake mwenyewe aliubana juu ya karatasi mpya mpaka ukafa ganzi. Karatasi ikabaki nyeupe. Tena, risiti zote za wakati ule zimekwisha kufifia, kama karatasi hizo zifanyavyo zikikaa. Hii haijafifia.

Hakuna herufi juu yake, kwa kuwa mashinini ilikuwa bado imewekwa kinyume. Zipo alama tu, katika pembe nne. Vidole gumba viwili vikubwa upande mmoja. Upande wa pili, vikivielekea, vidole gumba viwili vidogo, cha kulia kikiwa na kovu la kisu cha kukatia jibini, ambalo Constance alilitambua mara moja na akakataa kulitazama tena.

Mmoja alitoa kwa mikono miwili. Mwingine alipokea kwa mikono miwili. Joto la mwili wa mtu halitoshi kuchoma karatasi ile. Hilo limethibitika, na halina mpinzani. Wewe uliyesikia pande zote, ambaye hukuwapo na huna la kuogopa, amua mwenyewe: saa ile Athanasie aliponyoosha mikono yake, alikuwa na joto la nani?