Theluji ya Godlisten Ilinifukuzia Wageni

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili. Naendesha nyumba ya wageni huku Kilema, mlimani juu ya Moshi, aliyoniachia marehemu mama. Mwanaume ninayetaka kuwasimulia anaitwa Godlisten. Alikuwa mume wangu... kama kweli yule ni mume!

Intaneti ilipoingia Moshi, alikwenda Dar kusoma kompyuta. Akarudi na miwani ya jua na Kiingereza cha puani.

"Mama Neema," akaniambia, "wageni wa mlimani siku hizi wanatafuta malazi kwenye kompyuta. Nakutengenezea websaiti ambayo hata Ulaya hawana."

Na kweli hawana! Ukiifungua, unasubiri mpaka chai ipoe. Kisha theluji inadondoka. Twiga anapita, sijui Kilema twiga alimwona wapi! Jina la nyumba linazunguka kama pia, muziki unalia... Namba ya simu je? Bei? Vimefichwa nyuma ya mawingu, na ukitaka kuyabofya, mawingu yanakimbia!

Nikamwuliza, mgeni atatupataje? Akacheka.

"Wewe pika mtori. Hii ni sanaa."

Wageni wakapungua. Kiangazi kikafika, msimu wa kujaza vyumba, vitanda vikabaki vitupu. Nikamwachisha kazi mpishi wangu, binamu yangu wa damu, huku nalia. Godlisten akanituliza eti biashara imelala mlima mzima. Naye kila mara yuko mjini, "anaboresha theluji"!

Siku moja sokoni Moshi nikakutana na mama wa Kiholanzi, mgeni wangu wa miaka mingi. Akanikumbatia.

"Mama Neema! Mimi natafuta wewe, naona theluji tu, theluji tu... Sasa nalala nyumba ingine."

Nikamwomba anionyeshe hiyo nyumba aliipataje. Tukaingia kwenye kafe ya intaneti.

Ukurasa ukafunguka hata sijakaa vizuri. Mweupe, umetulia. Juu kabisa namba ya simu, chini yake bei, kisha picha ya wenye nyumba wakiwakaribisha wageni. Mwanamke nisiyemjua... na kiunoni mwake mkono wa Godlisten! Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina lake: ndiye mtengenezaji.

Kumbe alijua! Alijua vizuri mgeni anahitaji nini, na mimi akanipa twiga!

Nilipomkabili hakukana. Alinitazama kama anayemtazama mtoto.

"Yule alitaka wageni," akasema. "Wewe ulitaka mume msomi."

Nguo zake nilizitupa kwenye migomba, na mvua ilikuwa inanyesha.

Mwaka uliofuata yule mwanamke naye alimtimua. Godlisten akaja na wazee wa ukoo wake kutoka Masama kuomba radhi. Wazee niliwapa shikamoo na pombe ya mbege. Yeye sikumpa hata kiti.

Ndugu zangu, leo kwenye tovuti yangu kinachosogea ni kimoja tu: mshale mdogo unaomwonyesha mgeni namba ya simu. Vyumba vinajaa. Nawasihi, mtu akikuletea kinachometameta, mwulize kinamsaidia nani. Akikucheka badala ya kukujibu... usimpikie tena!