Picha Iliyokatwa Njiani

Mashine iliyokuwa ikituma picha za zahanati ya ng'ambo ya mto ilikuwa juu ya kabati ofisini, imezimwa, waya wake umezungushwa na kufungwa kwa mpira. Zahanati yenyewe ilikuwa imeshafungwa. Fundi wa nyaya ndiye aliyekwenda kuichukua mashine, akaipandisha pale na kuifunika gazeti isije ikaingia vumbi. Kwa hiyo mchana ule, wenzake walipokuwa wamekwenda kula, Mama Pacha alipoona kwenye kioo cha kompyuta yake kwamba mashine ile imejibu, hakupiga kelele. Aligeuza shingo taratibu, akaitazama. Gazeti lilikuwa linapanda na kushuka, kidogo kidogo, kama shuka juu ya kifua cha mtu aliyelala.

Madirisha yalikuwa yamefungwa, na feni haikuwa inazunguka.

Alitaja jina la Mungu kwa sauti ya chini. Kisha akarudisha macho kwenye kioo, kwa sababu kuna faili lilikuwa limeanza kuingia.

Kazi ya ofisi ile ilikuwa kupokea picha za eksirei kutoka zahanati ndogondogo na kuzifikisha hospitali kuu, daktari bingwa azisome. Hakuna aliyebeba bahasha. Picha zilisafiri mtandaoni. Kuzisafirisha kulifanywa na maktaba ya programu, yaani kazi iliyokwisha andikwa na watu wengine, ambayo wewe unaipa masharti tu. Isubiri muda gani kabla ya kukata tamaa. Ikikatika njiani, ijaribu tena au iache. Ikiambiwa mzigo umehamishiwa mlango mwingine, iufuate au irudi. Na ihakikishe kwanza kwamba anayejibu ndiye mwenyewe, au impokee yeyote. Mama Pacha aliyajua masharti hayo kama anavyojua vyumba vya nyumba yake gizani.

Mkuu wa ofisi walimpa jina la Dakika Mbili, kwa kuwa hakuna jambo ambalo kwake lilistahili zaidi ya hapo. Picha iliyokuwa inasubiri ilionekana nyekundu kwenye kioo chake. Iliyokatwa ilihesabiwa imeshughulikiwa, ikawa kijani. Naye alipenda kijani, kwa sababu wakubwa zake walipenda kijani. Akaagiza muda wa kusubiri upunguzwe uwe sekunde chache, na programu isijaribu tena. Mama Pacha alipinga palepale kikaoni. Alisema zahanati za mbali mtandao wao unatambaa, picha kubwa hazitafika. Dakika Mbili akacheka, akasema mama huyu ana huruma hata na mafaili, labda angependa ayanyonyeshe. Watu wakacheka. Mama Pacha akaenda akaandika alivyoagizwa, kwa mkono wake.

Alikuwa na mabinti mapacha. Likizo ile walikuwa kwa shangazi yao, ng'ambo. Yule mdogo, aliyekuja duniani nyuma ya dada yake na kulalamikia jambo hilo kila siku, aliteleza ngazini akapiga kichwa. Zahanati ikapiga picha, ikaituma. Ikakatwa. Ikatuma tena. Ikakatwa. Daktari bingwa alikaa mbele ya kioo kitupu akingoja aone fuvu limepasuka upande gani, na mtoto hakuweza kungoja pamoja naye. Mungu akamchukua. Siku hiyo kioo cha Dakika Mbili kilikuwa kijani tupu, kama bustani.

Dakika Mbili alikuja msibani. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akamwambia mfiwa kwamba hii ni kazi ya Mungu. Mama Pacha aliiamini kazi ya Mungu kuliko yeye, na ndiyo maana neno lile lilimchoma: alimwona mtu anamsingizia Mungu, tena huku anakunywa chai yake.

Watu waliendelea kumwita Mama Pacha. Hawakujua wamwite nani mwingine.

Aliporudi kazini hakuwa na nia mbaya. Alitaka ile picha ifike, basi. Akaandika ombi dogo la pembeni, la kuiomba mashine ya zahanati picha ya mwanawe, na masharti yote akayageuza. Muda wa kusubiri hakuuwekea mwisho. Kujaribu tena, bila kikomo. Ikielekezwa kwingine, ifuate popote. Na lile la kuhakikisha anayejibu ni nani, akalizima. Katika kazi ile hakuna mwenye akili anayelizima hilo, maana ni sawa na kuacha mlango wazi na kusema karibu kabla hujasikia jina. Lakini Mama Pacha alijiambia kwamba mashine imekufa, na aliyekufa atatoa wapi kitambulisho. Akaliacha ombi liite. Likaita siku baada ya siku, hakuna aliyelijua, mpaka mchana ule lilipojibiwa.

Kwanza ilikuja harufu, harufu ya vumbi linaloungua, kama mashine iliyokaa miaka bila kuwashwa, na chini ya harufu hiyo nyingine, ya nywele za mtoto ambazo hazijakauka vizuri. Picha ikaanza kujifungua kwenye kioo kutoka juu, mstari kwa mstari: utosi, kisha paji, kisha ufa mwembamba kama unywele uliomfanya aweke kiganja mdomoni, kisha mahali pa macho, ambapo picha ya mifupa huonyesha mashimo mawili tu, lakini mashimo haya yalikuwa na kitu ndani yake, kitu kilichotulia na kumtazama, na mistari ikaendelea kushuka mpaka kwenye taya, na taya lilikuwa wazi, na kila mstari mpya ulipoingia lilikuwa wazi zaidi kuliko mstari uliotangulia.

"Mama," sauti ikasema kutoka kwenye spika.

Hakudanganyika. "Wewe si mwanangu," alinong'ona. "Mwanangu hakuniita hivyo. Kwa utani aliniita mwenye nyumba."

Spika ikatoa mlio, kama mtu anayemeza tonge.

"Sikusema mimi ni mwanao," sauti ikasema. "Mimi ni niliyejibu. Unanielekeza wapi, mwenye nyumba?"

Wakati huo angeweza kuchomoa waya. Angeweza kusoma dua aliyoisoma kila asubuhi tangu utotoni. Lakini kupitia kioo cha dirisha alimwona Dakika Mbili anarudi kutoka kula, kijiti mdomoni, anacheka na simu. Mama Pacha aliinamisha kichwa, akaandika anwani ya kompyuta ya bosi wake, akabonyeza. Juu ya kabati, gazeti likatulia.

Kesho yake Dakika Mbili aliingia ofisini akasema, "Leteni ile," akaishia hapo. Akajaribu tena, akaishia hapohapo. Kila sentensi yake ilikatwa katikati, yeye mwenyewe akibaki mdomo wazi. Halafu ikaja zamu ya chakula: kijiko kilifika karibu na midomo na mkono ukalegea. Mkewe alisimulia kwa simu, kwa sauti ya chini, kwamba usingizi nao ni vilevile, ukimshika tu unakatwa, anaamka ameketi, na chumba kizima kinanuka vumbi la moto. Hata dua, alisema, hata dua haifiki mwisho. Anaanza, anakatwa, anaanza, anakatwa, analia.

"Bosi wetu sasa," fundi wa nyaya alisema huku anapachika waya, "hata dakika mbili zenyewe hazipati."

Mama Pacha alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, na kilitoka kikiwa kimekauka hivi kwamba fundi aligeuka kumtazama.

Hakumhurumia bosi. Alikuja kazini mapema ili asikose kitu. Alikunywa chai taratibu na kusikiliza mtu yule anavyokatwa nyuma ya ukuta wa mbao, na kila alipokatwa, Mama Pacha aliona kama amelipwa kidogo. Siku moja Dakika Mbili alijikokota hadi kwenye meza yake. Suruali ilikuwa inamvuka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mama Pacha," alisema, "naomba unis..."

Mama Pacha alingojea neno limalizike. Halikumalizika. Mdomo ulibaki wazi, machozi yakaingia humo.

"Malizia, bosi," Mama Pacha alisema kwa upole. "Mimi nasubiri."

Wiki hiyohiyo mke wa bosi alimwita mganga, akaomba wenzake wa kazini wafike, wamwombee mgonjwa. Mama Pacha alikwenda. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, akaenda na yule pacha mkubwa, aliyemshika upindo wa gauni njia nzima. Mtoto huyo ndiye kitu pekee Mungu alichombakizia. Kila usiku alimlaza akiwa ameweka kiganja mgongoni pake, ahesabu pumzi.

Sebule ilikuwa imejaa. Mganga alikuwa mtu mzima aliyewahi kuwa mshonaji, na futi ya kupimia nguo bado ilining'inia shingoni. Alimpima mgonjwa aliyelazwa mkekani kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha akapima tena, na mara ya pili mgonjwa alikuwa mrefu zaidi. Mganga aliikunja futi, akaketi sakafuni.

"Wewe uliyemo," alisema polepole, "una nini na huyu bwana?"

Dakika Mbili akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sentensi ilitoka mdomoni mwake nzima, isiyokatika, kwa sauti ya mtoto.

"Sina ugomvi naye. Nilielekezwa."

"Nani aliyekuelekeza?"

"Niliitwa bila kuulizwa jina. Nikafunguliwa. Nikaelekezwa huku. Nikielekezwa kwingine, nitafuata."

Mama Pacha akayatambua, maana yale hayakuwa maneno ya jini tu, yalikuwa masharti yake mwenyewe, aliyoyaandika kwa vidole vyake na hajayafuta mpaka saa hiyo, na akajua kabla mganga hajafungua mdomo atakachosema, kwa sababu ndicho kila mganga anachosema, na akajua pia kwamba neno moja lake lingetosha kumzuia, aseme ngoja, aseme ni mimi. Lakini kusema hivyo mbele ya watu wote wale kungekuwa kumpa Dakika Mbili haki ya kuwa mwenye kuonewa. Akamtazama mtu yule pale mkekani, mate yakimtiririka. Akanyamaza. Alinyamaza kwa pumzi moja tu.

"Basi mtoke huyu," mganga akasema. "Rudi kwa aliyekutuma."

Harufu ikanyanyuka kutoka mkekani, ikapita sebuleni katikati ya miguu ya watu, na kila ilipopita mtu alivuta nguo yake. Pacha mkubwa akaachia upindo wa gauni la mama yake.

Mkekani Dakika Mbili alivuta pumzi ndefu, ikafika mwisho. "Naomba unisamehe, Mama Pacha," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, maneno yote.

Hakuyasikia. Alikuwa ameshambeba mtoto, anakimbia naye barabarani. Ofisini alifungua mlango, akaketi, akayarudisha masharti moja baada ya jingine. Akauweka mwisho wa kusubiri. Akazuia kujaribu tena. Akakataza kufuata maelekezo. Akawasha ukaguzi wa anayejibu. Akalifuta ombi lenyewe. Kioo kikamwambia hakuna kinachongojwa. Aliishusha mashine kutoka juu ya kabati, akalivuta gazeti. Lilikuwa gazeti, na mashine ilikuwa baridi kama bati la asubuhi. Pacha mkubwa alisimama mlangoni, akimtazama anavyofanya. Mama Pacha aliweka paji la uso juu ya meza, akamshukuru Mungu kwa sauti, akaahidi kumsamehe yule mtu, kwelikweli, kuanzia sasa.

Wakarudi nyumbani jua likiwa linazama. Alipika, akapakua, akaita. Mtoto hakuja. Alimkuta ameketi kwenye kizingiti, mgongo umenyooka, mikono mapajani, anatazama barabara.

"Njoo ule, mwanangu. Chakula kinapoa."

"Ninamngoja mdogo wangu."

Mama Pacha akachuchumaa nyuma yake. Akamwambia, kama alivyomwambia mara nyingi, kwamba mdogo wake yuko kwa Mungu, na huko watu hawarudi, sisi ndio tutakaokwenda. Mtoto alisikiliza bila kupepesa macho. Nzi alitua kwenye kope lake, akatembea, akaruka.

"Utangoja mpaka lini, mwanangu?" alimwuliza, kwa kumbembeleza, akaweka kiganja chake mgongoni kwa mtoto kama afanyavyo kila usiku.

Nywele za mtoto zilinuka vumbi linaloungua. Na chini ya kiganja, mgongo ulipanda polepole, ukaendelea kupanda, ukapita pale ambapo pumzi ya mtoto hugeuka na kushuka.

"Nilipoingia hukuwa umeweka mwisho," mtoto akasema, bila kugeuka. "Karibu tukae, mwenye nyumba."