Kodi ya Shamba la Mtoni

Kila siku akitoka shule, Evarista alivua sare, akala ugali uliofunikwa jikoni, kisha akabeba beseni la vitunguu hadi kando ya barabara kuu. Pale Ruaha Mbuyuni mabasi hupunguza mwendo kwenye matuta, na wauzaji huyakimbilia wakiinua vitunguu hadi madirishani. Evarista alikuwa na miaka kumi na miwili, na wachache walimshinda mbio.

Baba yake alikuwa amefariki. Yeye na mama yake, Yusta, waliishi kwa vitunguu walivyolima kwenye nusu ekari ya kukodi karibu na mto. Shamba lilikuwa la Mzee Kalinga. Kodi ya msimu ilikuwa shilingi laki mbili, na ililipwa kabla ya kupanda. Basi walikubaliana kwamba kila jioni mama atumbukize elfu moja kwenye kibubu, naye Evarista mia tano. Kibubu chenyewe kilikuwa kisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, chenye tundu jembamba juu.

"Hiki hatukigusi hadi siku ya kodi," mama alisema. "Hata tukilala njaa."

Miezi miwili ya kwanza Evarista alitii. Kisha ikaja siku ya joto kali, wenzake wakanunua soda baridi, yeye akabaki anawatazama.

"Wewe unauza kila siku, halafu huna hata mia tano?" Happy, rafiki yake, alimcheka.

Jioni ile Evarista hakuweka kitu. Alijiambia kesho ataweka elfu moja, afidie. Kesho ilipofika kulikuwa na mihogo ya kukaanga. Wiki iliyofuata aligundua kwamba spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha huweza kuvuta noti kupitia lile tundu. Akavuta ya elfu moja, siku nyingine akavuta mbili. Alinunua bangili, akanunua soda, akamnunulia na Happy. Kila mara alijiambia kwamba ni kidogo tu, na kwamba mama anaendelea kuweka za kwake, kwa hiyo kibubu kitajaa.

Siku ya kodi, Mzee Kalinga alifika asubuhi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo magotini.

"Kamwene, Yusta. Nimekuja kwa lile jambo letu."

"Kamwene, mzee. Subiri kidogo, nikutolee."

Mama alikivunja kibubu kwa nyundo. Noti zikamwagika kwenye mkeka, chache mno. Mama alizihesabu, akarudia, akarudia tena. Zilikuwa elfu sabini.

Mzee Kalinga alizitazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, Jailos ananifuata na fedha taslimu tangu mwezi uliopita. Nimemzuia kwa ajili yako."

"Nipe wiki mbili, mzee wangu."

"Miche haisubiri. Na mimi nina wajukuu wawili sekondari."

Aliondoka bila kugombana na mtu, na hilo liliwaumiza zaidi. Kabla ya saa sita mchana shamba lilikuwa limekodiwa na Jailos.

Mama alibaki amekaa kando ya mbao zilizovunjika. Evarista alisubiri kuulizwa, asiulizwe. Alipiga magoti akasema kila kitu: spoku, soda, mihogo, bangili.

"Ni kiasi gani?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Kama elfu arobaini, mama. Nisamehe."

Alijikunja akisubiri kofi, lakini mama aliufunika uso kwa kanga. Aliponyanyua kichwa, macho yalikuwa mekundu.

"Sabini na arobaini ni laki na kumi," alisema polepole. "Tisini nyingine ni mimi. Nilitoa za sare ya harusi ya jirani yetu Bertha. Nikatoa za vocha. Nikatoa za nyama siku ambazo dagaa walikuwepo. Nilikuwa nachokonoa kwa kisu, nikijiambia mwanangu anaweka."

Wote wawili walilia, kila mmoja upande wake.

Msimu ule ulikuwa mchungu. Yusta alifanya kibarua kwenye shamba la watu, na shamba hilo lilikuwa lile lile la mtoni, chini ya Jailos. Jumamosi Evarista alikwenda naye kupalilia, kwa ujira wa siku, katika udongo ambao mwaka uliopita waliuita wao. Kuna jioni walikunywa uji mtupu wakalala. Viatu vya shule vilipotoboka, Evarista aliweka kadibodi ndani akaendelea kuvivaa. Wakati wa mavuno alihesabu magunia ya Jailos yakipakiwa kwenye lori, akaacha kuhesabu kabla hayajaisha.

Lakini tangu wiki ile ya kodi mama alikuwa amejiunga na kikundi cha kuweka akiba cha akina mama wanaokutana kanisani kila Jumapili baada ya ibada. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo zinatunzwa na watu watatu tofauti, hakuna awezaye kulifungua peke yake. Nyumbani, Evarista alipewa daftari. Aliandika kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka, hata mia mbili ya kiberiti. Na fedha ya Jumapili ilitengwa kwanza, chumvi na sabuni vikanunuliwa kwa iliyobaki.

Msimu uliofuata, kwa akiba hiyo, walikodi robo ekari, mbali na mto, yenye mawe mengi. Siku ya kupanda, wakiwa wameinama wakichomeka miche, mama alinyoosha mgongo kwa shida.

"Eva, nilikuwa nalaumu bahati," alisema. "Lakini hakuna mwizi aliyeingia kwetu. Mia tano mia tano zetu wenyewe ndizo zilizokula lile shamba, na mimi mtu mzima ndiye niliyekula zaidi. Tulikuwa tunaweka kinachobaki, na kwa watu kama sisi hakibaki kitu. Weka kwanza, mwanangu, ndipo utumie. Na siku ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, kama nitakavyokuambia mimi."

"Nimesikia, mama."

Evarista alichukua fungu jingine la miche, akaondoa jiwe lililokuwa mbele yake, akainama.