Maji Aliyoyakataa Kagure

Zamani Kagure alikuwa wa kwanza kufika kwenye shamba la kahawa. Siku hizi alikuwa wa mwisho. Kila akienda haja ndogo, mkojo ulimchoma kama pilipili. Basi akaacha kunywa maji, asije akakojoa.

"Kunywa uji, Mama Mathenge," jirani yake Wachuka alimwambia.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Jua?"

Wachumaji wakacheka. Kagure aliinamia kikapu. Mumewe alikuwa mpishi Nanyuki, mji wa askari. Watu wakijua anachoumwa, watasema amemletea ugonjwa wa zinaa wa huko. Na Murugi, mchumaji mwenzao na kiongozi wa akina mama wa kanisa, angemtazamaje?

Homa ikampanda. Mgongo ukamuuma chini ya mbavu. "Ni baridi tu," akasema. Uso ulipovimba, Wachuka hakubishana naye tena. Alimshika mkono akampeleka hospitali.

"Mkojo una rangi gani?" aliuliza muuguzi, Wangechi.

Kagure alitazama sakafu. "Kama chai bila maziwa. Na sasa hautoki."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna. Niliogopa mtaniuliza habari za mzee wangu."

"Mama, vijidudu hivi mara nyingi hutoka mwilini mwetu wenyewe. Hata mjane huugua. Lakini ukivinyamazia, hupanda hadi kwenye figo na kuingia katika damu. Ndani ya figo kuna mirija myembamba kuliko uzi. Hiyo hurudisha maji mwilini na kutoa uchafu. Vijidudu vikizidi, na mwili ukikauka, mirija huumia. Mkojo hukatika."

"Kumbe kwa kukataa maji nilijinyima dawa?"

"Ulijiongezea ugonjwa. Mirija inaweza kupona, lakini umechelewa sana. Tutakupa dawa, na maji utakunywa kwa kipimo chetu."

Wachuka akajifuta macho. "Dada yangu Watiri pia alisema ni baridi. Tulimzika na siri yake."

Kagure alilazwa muda mrefu. Mkojo ulipoanza kutoka tena, alilia mbele ya wodi nzima, bila kujificha.

Msimu uliofuata alirudi kwenye kahawa na kibuyu cha maji. Wakati wa kupumzika, alisimama. Masikio yaliwaka kwa aibu.

"Mimi niliugua njia ya mkojo, nikaficha. Nusura nife. Mkojo ukikuchoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo."

Hakuna aliyecheka. Kagure akatamani ardhi immeze.

Kisha Murugi akaweka kikapu chake chini, polepole.

"Kagure," akasema, "nisindikize hospitali."