Mahari Iliyopita Porini

Siku ya mnada pale Mpanda, mwaka tisini na tano, dume moja la ng'ombe lilikata kona mbele ya cherehani ya Dorotea, likanasa gauni la njano kwa pembe na kwenda zake nalo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dorotea hakucheka. Alikuwa binti wa mtaa wa Kawajense, mzuri wa sura, mkali wa ulimi, na gauni lile alikuwa amelikeshea.

"Nani mwenye hili dume? Aje hapa alipe!"

Akatokea kijana mrefu, shuka la lubega begani, kofia ya pama kichwani, miguuni katambuga za tairi zilizolika visigino. Gauni lilikuwa mkononi mwake.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma. "Mimi Maduhu, wa Usevya. Dume langu limelipenda gauni lako."

"Limelijaribu? Limelitosha?"

"Limelibana. Basi nalinunua mimi, unitunzie. Utalivaa siku nitakayoleta ng'ombe kwenu."

"He! Hata jina langu hujaniuliza!"

"Ya nini? Mnada mzima wanakuita Dorotea mkali."

Hapo akacheka, na moyo wake ukawa umekwisha kwenda Usevya.

Usevya ni mbali, na simu ilikuwa haijafika. Kulikuwa na redio koli ya misheni tu, na huku mjini aliishika mama Theopista, ambaye kila Jumamosi aliwaruhusu watu wapange foleni. Mmoja akiongea mwingine hunyamaza mpaka asikie "ova", ndipo naye abonyeze kitufe ajibu. Foleni nzima ilisikia kila neno.

"Doro, asali yangu ya nyuki wadogo, umelala salama? Umekula? Mimi nimekuota umevaa njano, halafu..."

"Sema ova, wewe!" Dorotea aliifokea redio bure. Mama Theopista akajifunika mdomo kwa khanga.

"...halafu ukanikasirikia. Nikisema ova utanigombeza, ndiyo maana sisemi. Haya. Ova."

Mzee Ngolo, baba yake Dorotea, alimkubali kijana. Wakapatana mahari ya ng'ombe, na hao ndio wangemwolea mke Nashon, kaka yake Dorotea. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka homa ya mapafu ya ng'ombe ilipoingia upande wa Usevya. Bwana mifugo akatangaza karantini: hakuna ng'ombe kutoka, hata anayeonekana mzima.

Mzee Ngolo alisubiri. Mvua zikaja zikaisha. Jioni moja akamwita binti yake.

"Mayu, karantini ni ya serikali, binti ni wangu. Yuko Masalu, aliyefiwa na mke, na ng'ombe wake wako hapa hapa mjini. Mwambie huyo Maduhu wako."

Jumamosi Dorotea alimwambia.

"Doro, nimewaona wanavyokufa," Maduhu alijibu. "Ng'ombe ananyoosha shingo anatafuta hewa, haipati. Na bwana mifugo anasema hata mzima anaweza kuwa na ugonjwa ndani. Tuvumilie, mpenzi. Ova."

"Kumbe unawapenda ng'ombe kuliko mimi! Basi gauni la njano nitalivaa kwa Masalu. Ova."

"Usiseme hivyo, Doro. Ova."

"Nimeshasema. Kama mahari haipiti barabarani, ipite porini. Ova."

Jumamosi iliyofuata Dorotea hakuitwa redioni, wala ile nyingine. Alilia mpaka macho yakavimba, akaapa kwamba wanaume wote ni waongo.

Kisha asubuhi moja, umande haujakauka, akasikia kengele za ng'ombe uani. Maduhu alikuwa amesimama nyuma ya kundi, amekonda, lubega limechanwachanwa na miiba.

"Wametoka wapi hawa?" aliuliza Mzee Ngolo, akiwazunguka.

Maduhu alifungua mdomo. Dorotea akamuwahi.

"Katumba, baba! Amewanunua kwa Warundi wa Katumba, kusiko na karantini."

Maduhu aliinamisha kichwa. Ng'ombe wakaingizwa zizini pamoja na wale wa mzee. Dorotea alikimbia ndani akavaa gauni lake la njano, na siku ile alikuwa na furaha ambayo hakuijua kabla wala baadaye. Harusi ikapangwa baada ya mavuno.

Mahindi hayajakauka, ng'ombe mmoja akakohoa. Akafuata mwingine, kisha wakaanza kufa. Bwana mifugo alikuja na watu wake, waliobaki wakachinjwa, na karantini ikawekwa Kawajense pia. Maduhu aliposikia alikuja mbio, akamkuta mzee ameketi kwenye zizi tupu.

"Hawakutoka Katumba," alisema Mzee Ngolo.

"Hawakutoka, mzee. Nilikudanganya mimi."

Dorotea alifungua mdomo. Maduhu akamtazama, akatikisa kichwa taratibu, na Dorotea akaufunga. Nashon akaokota fimbo.

"Toka! Na nisikuone tena Kawajense!"

Dorotea alikaa na siri ile mpaka ikamshinda. Akapiga magoti mbele ya baba yake, akasema yote. Mzee hakumpiga.

"Masalu hakuwahi kuja kuposa, mayu," alisema. "Nilimtaja tu, ili kijana asijisahau. Ningesubiri."

Jumamosi akawa wa kwanza kwenye foleni.

"Maduhu, nimemwambia baba ukweli wote. Njoo unichukue, hata mikono mitupu. Nakuomba. Ova."

Redio ilikoroma, kisha sauti ikaja.

"Doro. Zizi letu nalo limekwisha. Kesho tunahama, sijui hata tunakwenda wapi. Ningekuchukua, lakini kila ukinitazama utaliona zizi la baba yako, na mimi nikikutazama nitaliona. Hatutaweza. Lakini nakupenda. Nakupenda, asali yangu..."

Dorotea aliweka kidole juu ya kitufe, akangoja. Redio iliendelea kukoroma, na hakuna sauti iliyokuja tena.

Mama Theopista alimshika bega.

"Ameshaondoka, mwanangu. Wapishe wenzako."

"Hajamaliza," alisema Dorotea. "Hajasema ova."