Hedifoni za Mzee Anselm

Wenzangu mnaoishi na watu ndani ya nyumba zenu, na ninyi mnaodhani mnaishi nao, habari hii nawaletea ninyi. Haihusu ulevi wala umalaya. Hayo mmeshaonywa mpaka masikio yamechoka. Inahusu mzee mmoja mpole, asiyevuta wala kunywa, na mashine yake ya kutafutia sarafu.

Mzee huyo ni Anselm, na mkewe ni Theodora. Anselm alikuwa fundi wa reli kwa miaka thelathini, na alipostaafu wakahama Manyoni wakarudi kwenye shamba lao la uwele na alizeti, chini ya mlima wa Kilimatinde. Watoto walikuwa wamekua wakatawanyika, isipokuwa binti yao Agnes aliyebaki Manyoni na familia yake. Nyumbani wakabaki wazee wawili na ng'ombe wawili wa plau, Chapakazi na Mpole.

Wenyeji husema kwenye shamba lile zamani walikuwa wakilala wapagazi wa misafara. Kila msimu wa kulima plau iliibua kitu: shanga, kipande cha chungu, mara moja moja sarafu. Basi Anselm akanunua kwa mchimbaji mmoja wa dhahabu mashine kuukuu ya kupima vyuma, sahani yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Iliona shibiri moja tu chini ya ardhi, lakini ilikuwa na spika. Ikipita juu ya msumari inakoroma, ikipita juu ya sarafu inalia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake.

Theodora aliipenda kazi ile kuliko alivyokiri. Asubuhi baada ya mavuno walitoka pamoja, Anselm akipitisha mashine taratibu, yeye nyuma na kijembe. Spika ikilia wote wawili walisimama.

"Msumari," Anselm alisema.

"Hela," alisema Theodora.

Aliyekosea alimchotea mwenzake maji ya kuoga jioni. Wakishachimba, Theodora alilifukia shimo kwa mguu na kulikanyaga mpaka likashindiliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao: hakuna kupiga hatua mbele kabla shimo halijafungwa, maana ng'ombe watapita hapo na plau, na ng'ombe akivunjika mguu hakuna dawa.

Sarafu yao ya kwanza ilikuwa hela ya Mjerumani, yenye tundu katikati. Anselm aliisugua kwa majivu, akaipitisha uzi mweusi, akamvisha mkewe shingoni.

"Miaka thelathini na nne sijakununulia mkufu," alisema.

"Na huu ndio unauita mkufu?" Theodora alicheka mpaka akashika magoti. Lakini toka siku ile hakuuvua, hata akienda kanisani.

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Nimewaeleza ili mjue kilichopotea.

Mashine ile ikazeeka, ikawa inakatika sauti katikati ya kazi. Wakapanda basi mpaka Singida mjini, kwenye duka la vifaa vya wachimbaji la Mselemu Shamte, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa pale mjini.

"Shikamooni wazee wangu. Karibuni mkae," Mselemu alisema, akawawekea mashine mbili juu ya meza. Ya kwanza iliona shibiri moja na nusu, na ilikuwa na spika. Ya pili ilikuwa na kioo kinachoandika namba ya kila chuma, na iliona urefu wa mkono mzima kwenda chini. Hiyo haikuwa na spika. Ilikuwa na hedifoni nene zinazofunika masikio yote mawili, ili mtafutaji asisumbuliwe na sauti za nje.

Anselm alizivaa. Mselemu akaficha shilingi chini ya boksi, na Anselm akaipitisha sahani juu yake. Akafumba macho, akatabasamu peke yake.

"Unasikia nini?" Theodora akauliza. Hakujibiwa. Akauliza tena, kisha akamgusa bega.

"Ee? Unasemaje?"

Mselemu aliliona hilo. Nami namsifu, kwa sababu si kila mwenye duka angesema alichosema. "Mzee, hii ya hedifoni ndiyo inayonipa faida zaidi, sikufichi. Lakini naona mnatafuta wawili. Chukueni ya spika. Mtasikia wote."

"Vya juu tumeshavimaliza, mwanangu," Anselm alijibu. "Vya maana viko chini."

"Na mimi nitasikiaje?" Theodora akauliza.

"Nitakuambia."

Shikeni neno hilo, ndugu zangu. Theodora alilishika, akalibeba mpaka nyumbani.

Ili mashine ilipiwe, Chapakazi aliuzwa mnadani. Mtu yeyote wa huku anajua kwamba ng'ombe wa plau ni wawili. Ukiuza mmoja, yule aliyebaki ni wa kutazama tu. Anselm naye alijua, ila alisema watamnunua mwingine hela za Mjerumani zikipatikana kwa wingi. Mpole alikaa wiki nzima akilia kwenye lango la zizi. Alikuwa amezoea kusimama upande wa kushoto wa nira, na hata malishoni aliendelea kusimama hivyo, ameacha nafasi kubwa upande wake wa kulia.

Siku za mwanzo Anselm alimwambia mkewe kweli. "Imelia," alisema, "namba sitini na mbili." Theodora alisimama na kijembe chake, asijue acheke au angoje. Kisha mashimo yakawa marefu, ya kufika kiunoni, na goti la Theodora halikuyaweza. "Wewe kapumzike nyumbani, mama Agnes," Anselm akamwambia kwa upole, naye akaenda kupumzika, kana kwamba aliomba.

Anselm alichimba peke yake. Mashimo hakuyafukia, kwa kuwa kila moja alidhani kesho ataliongeza kidogo. Akirudi nyumbani alikaa na mashine mapajani, hedifoni masikioni, akipima misumari na vizibo kwenye sinia ili azoee sauti zake. Alikula nazo. Jioni moja Theodora alikaa mbele yake akasema kwa sauti ya kawaida, "Anselm, nyumba inaungua."

"Eeh," Anselm akaitikia, akakata tonge.

Theodora alicheka, akatafuta wa kucheka naye, hakumpata. Aliingia jikoni akalia huko, maana aliona haya kulilia jambo dogo namna ile. Upweke wa mjane watu huujua, wakaja na unga na pole. Wa mke ambaye mumewe yuko pale amekaa hauna msiba wala matanga, na hakuna jirani anayeujia. Akaanza kuongea na Mpole. "Na wewe wamekuuzia mwenzio," alimwambia akimkuna shingo, na ng'ombe alitega sikio kuliko mwenye nyumba.

Si kwamba hakusema. Alimshika mkono mumewe asubuhi moja kabla hajazivaa. "Yafukie mashimo yale. Mvua zimeanza, majani yanaota, hayataonekana. Mpole ataingia."

"Nitayafukia yote. Kuna moja tu karibu na mipaka linanipa namba nzuri sana, nalimalizia hilo."

Nani kati yetu hajawahi kusema, nalimalizia hilo moja?

Siku ya tukio, saa tisa alasiri, Theodora alimpelekea mumewe ugali na mlenda. Simu aliiacha kwa jirani yao Melkizedeki, ambaye ana sola ya kuchajia. Majani yalikuwa yamefika magotini. Alimwona Anselm ng'ambo ya shamba, kama hatua hamsini, ameinama. Akainua mkono kumpungia, na katika kuinua mkono mguu ukakosa ardhi.

Alianguka kwa ubavu. Kitu kilikatika kwenye nyonga, akakisikia kabla ya maumivu kufika. Shimo halikuwa la kina cha kutisha. Mtu mzima mwenye miguu miwili angetoka. Yeye hakuweza hata kugeuka.

"Baba Agnes!" aliita. "Anselm!"

Alimsikia kabisa. Alisikia jembe likigonga jiwe, akamsikia akikohoa. Kisha Anselm akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti kubwa iliyopotoka, kama wanavyoimba watu wasiojisikia wenyewe. Theodora aliita katikati ya beti. Alirusha kijiko, akarusha bakuli, akarusha udongo kwa ngumi. Mara moja kofia ya Anselm ilipita karibu sana, akienda kunywa maji kwenye dumu, na Theodora akapiga kelele mpaka koo likakauka. Kofia ikarudi ilikotoka. Wimbo ukaanza upya.

Basi akanyamaza. Akalala akitazama kipande cha mbingu, jua likihama ukuta mmoja wa shimo hadi mwingine. Hakuwaza kufa. Aliwaza duka la Singida, na lile neno, nitakuambia, na akahesabu siku ambazo hajaambiwa kitu.

Jua lilipokuwa linazama hatua zikaja. Lile ndilo lilikuwa shimo lenye namba nzuri, na Anselm alitaka kulipima mara ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani. Alisimama ukingoni, macho kwenye kioo kinachong'aa, akaiteremsha sahani bila kutazama chini. Ikapita juu ya uso wa Theodora. Ikapita juu ya kifua chake, na kutoka ndani ya zile hedifoni Theodora akasikia, kwa mbali, kifaranga akilia.

Akauona uso wa mumewe. Ulikuwa umejaa furaha, furaha ile ya zamani ambayo hakuwa ameiona kwa miezi. Mashine ilikuwa imeiona sarafu iliyo shingoni mwake.

Theodora aliishika sahani kwa mikono miwili. Anselm akavuta, akidhani imenasa kwenye mzizi. Akavuta tena. Ndipo alipotazama chini, akazivua hedifoni.

"Theodora? Unafanya nini humo?"

"Nakuita," alisema. Sauti ilikuwa imebaki upepo. "Toka saa tisa nakuita."

Mkokoteni ulikuwepo, lakini Mpole peke yake hangeuvuta. Anselm alikimbia kwa Melkizedeki. "Mbukwenyi!" alianza salamu ya Kigogo mlangoni kwa mazoea, akashindwa kumaliza, akaanguka kwenye kizingiti akilia. Wanaume wanne walimbeba Theodora juu ya kitanda cha kamba hadi barabarani, na gari likampeleka hospitali Manyoni. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Alipona, kwa kiasi ambacho mtu wa umri ule hupona, na akatoka na magongo kwenda kukaa kwa Agnes.

Miezi mitatu baadaye Anselm alikwenda kumchukua. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti, kofia mkononi.

"Mashine nimemrudishia Mselemu. Mashimo nimeyafukia yote, mama Agnes. Arobaini na matatu. Nimeyashindilia kwa mguu, kama wewe. Twende nyumbani."

"Ulipokuwa unafukia, ulikuwa unasikia nini?"

Anselm alifikiri. "Hakuna. Kimya tu. Na Mpole."

"Kimya hicho nimekaa nacho mwaka mzima, na wewe upo."

Agnes alisimama, akatoka nje na chai ambayo hakuna aliyeinywa. Anselm alitazama shingo ya mkewe. "Bado umeivaa."

"Nimeivaa. Bila hiyo usingeniona." Alisema bila ukali. "Sikukatai, Anselm, na nimekusamehe, nilikusamehe mle mle shimoni. Lakini kule sirudi. Hapa hata kifuniko cha sufuria kikianguka, mtu anauliza kuna nini. Nimezoea kuulizwa. Njoo Jumapili, tukae."

Anselm alivaa kofia yake, akaaga. Theodora alizisikia hatua zake mpaka kwenye lango, zikasimama kidogo, zikaenda. Alitamani kumwita. Alijua kwamba safari hii angesikia, na ndiyo maana alinyamaza, kwa sababu angerudi, na yeye angeinuka na kwenda naye kwenye nyumba ile ile.

Jumapili iliyofuata Anselm alikuja na kuku. Alikaa, akasogeza kiti karibu, akauliza, "Umeamkaje?" Kisha akangoja jibu mpaka mwisho.

FUNZO

Ndugu zangu, kutafuta sarafu si dhambi, na mashine nzuri si shetani. Ubaya ulianza dukani, palipokuwa na sauti ya kusikia wawili na sauti ya kusikia mmoja, na mzee wetu akachagua ya mmoja kwa kuwa ilikwenda chini zaidi. Msimcheke. Hedifoni hizo ziko kwenye nyumba zetu nyingi, nyingine zina umbo la simu, nyingine la mpira wa televisheni, nyingine la kazi ya ofisini inayoletwa mezani.

Ukitaka kununua kitu cha kukufurahisha, jiulize kwanza aliye karibu nawe atabaki wapi. Ukimwahidi kwamba utamwambia, mwambie. Shimo ulilochimba lifukie leo, kwa sababu anayeanguka humo mara nyingi ni yule anayekuletea chakula. Na jioni ya leo, ukishamaliza kusoma hapa, nyamaza kidogo ndani ya nyumba yako usikilize, maana pengine kuna mtu anakuita toka saa tisa.